Herufi Tano Juu ya Sabuni

Bi Kinyume hakuzaliwa na jina hilo, na aliyempa hajulikani mpaka leo, maana angejulikana angekiona cha mtema kuni. Jina lilimganda kwa sababu ya kazi. Kwa miaka thelathini na moja mama huyu alikuwa akichonga mihuri ya mpira kwa mkono, na muhuri, kama hujawahi kuutazama usoni, huandikwa kinyumenyume ili ukigongwa kwenye karatasi maneno yatoke sawasawa. Wachongaji wengine huandika kwanza kwa penseli kwenye karatasi nyembamba, wakaigeuza, wakaisugua juu ya mpira, herufi zikajigeuza zenyewe. Bi Kinyume aliuita huo uvivu. Yeye alishika kisu akaanza moja kwa moja, kutoka kulia kwenda kushoto, bila mstari wala penseli, huku akikusimulia mambo ya jirani yake ambayo jirani mwenyewe alikuwa bado hajayajua.

Macho yake nayo yalikuwa yamezoea kazi kupita kiasi. Akiwa saluni, amekaa mbele ya kioo na kichwa kimejaa povu, aliweza kusoma mabango ya ng'ambo ya barabara humo humo kiooni, herufi zimegeuka zote, na akakuambia duka gani limeshusha bei ya viatu. Kwake herufi ni herufi, hata ikikupa kisogo.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo Bi Kinyume, pamoja na mdomo wake wote, hakumsimulia mtu. Kidole gumba cha mkono wa kulia kilikuwa kimemgomea. Mpira aliochongea ulikuwa ule wa kahawia, ndugu yake soli ya kiatu, na kila mchoro ulitaka kusukumwa kwa gumba. Kilianza kwa kuwasha, kikaja kuuma, na sasa kilikuwa na tabia ya kukwama katikati ya kazi, kimepinda, hakiendi mbele wala hakirudi nyuma, mpaka akishike kwa mkono wa kushoto na kukirudisha mahali pake kimyakimya. Alikuwa ameshaamua moyoni: kikizidi, anafunga duka na kwenda kukaa kwa binti yake, kwenye sofa, aulizwe kila baada ya saa moja kama amekula. Alimpenda sana binti yake. Ila sofa ile aliiogopa kuliko kaburi.

Kitu kimoja tu kilimpa nafuu, nacho pia kilimuudhi. Wateja walikuwa wamekuwa wavivu wa maneno. Mwalimu mkuu, ambaye zamani aliagiza muhuri wa mistari minne wenye "kwa heshima na taadhima" ndani yake, mwaka huu aliagiza SAWA. Mwenye nyumba za kupangisha aliagiza BADO. Bi Kinyume alichonga, akapokea chake, akalalamika kwa yeyote aliyepita kwamba adabu imekufa na kuzikwa, watu wanaongea kama simu inayoishiwa chaji.

Basi siku hiyo asubuhi aliingia shemeji yake.

Huyu shemeji alikuwa mdogo wa marehemu mume wake, na duka lake la karatasi, kalamu na wino lilitenganishwa na kibanda cha Bi Kinyume kwa ukuta wa mbao nyembamba kiasi kwamba mmoja akipiga chafya, mwingine anamwombea afya. Walikuwa wametaniana kwa miaka thelathini bila mshindi.

"Shemeji," alisema huku ameficha kitu mgongoni, "nimekuletea dawa."

"Dawa ya nini?" Bi Kinyume aliruka kama amekanyaga kaa la moto. "Nani amekwambia mimi mgonjwa?"

"Dawa ya kazi, bwana. Mbona mkali hivyo mapema yote hii? Tazama."

Akaweka mezani kipande cha mpira, kipana kama daftari, kinene kama kidole, cha rangi ya waridi iliyopauka. Bi Kinyume alikibonyeza kwa ukucha. Ukucha ukaingia. Akakinusa. Akamtazama shemeji yake kwa huruma ya kweli.

"Wamekuuzia sabuni."

"Siyo sabuni! Ni mpira wa kuchongea mihuri, wa kisasa. Laini. Wanasema kisu kinateleza chenyewe."

"Kisu kikiteleza chenyewe, mimi nitakuwa nafanya nini? Nitakiangalia?"

"Jaribu tu, shemeji. Kona moja."

Sasa, kama wangekuwa wawili tu, huenda mambo yangeishia hapo. Lakini mlangoni walikuwa wamesimama wateja watatu, na mbele ya hadhira Bi Kinyume hakuwa na breki. Aliinua kile kipande juu, wote wakione.

"Jamani, mashahidi nyie! Mimi nimechonga mpira wa wanaume kabla huyu hajajua kufunga vifungo vya shati. Siku mtakayonikuta nachonga sabuni, nivueni ufundi, mnipe ndoo na madekio!"

Wateja walivunjika mbavu. Shemeji alicheka pia, akaaga, akaondoka, na kile kipande "akakisahau" mezani.

Mchana kabla ya chakula akaja karani wa zahanati, yule wa dirisha la kwanza, binti mwembamba mwenye sauti iliyokwisha kwa kuita majina ya watu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo umefuata nini?"

Karani alieleza shida yake. Fomu ya wagonjwa ina pande mbili. Mbele mtu anajaza jina, umri na anapoishi. Nyuma anajaza dawa zinazomdhuru, magonjwa aliyowahi kuugua, na nani apigiwe simu akizidiwa. Na hakuna, hakuna kabisa, mtu anayegeuza nyuma. Wanajaza mbele, wanarudisha, wanakwenda kukaa, na yeye anabaki kuwaita mmoja mmoja mpaka koo linakauka. Juzi daktari nusura amchome mtu sindano ya dawa inayomvimbisha uso, kwa kuwa upande wa nyuma ulikuwa mweupe pe.

"Kwa hiyo nataka muhuri wa kugonga chini ya ukurasa wa mbele. Uandike GEUZA."

"Geuza, halafu?"

"Basi. Geuza tu."

"Geuza tu? Hata tafadhali hakuna? Mgonjwa wa watu unamwamuru kama chapati kwenye kikaango?"

Karani alitazama mkono wa Bi Kinyume uliokuwa juu ya meza, kisha haraka akatazama dari. "Linatosha, mama. Herufi tano zinatosha kabisa. Naufuata kesho saa nne."

Alipoondoka, Bi Kinyume alikata kipande cha mpira wa kahawia, akakaa sawa, akaanza na G. Sasa, G ni shetani wa mihuri. Ina tumbo, ina ulimi, na ukizidisha kidogo tu inageuka C na mteja anakutukana. Alilizunguka tumbo nusu. Akasukuma. Akasukuma tena. Kidole kikakwama kimepinda, na safari hii alipokishika kukirudisha, machozi yalimtoka bila ruhusa yake.

Kazi ya kesho saa nne, na bado herufi nne na nusu. Alifikiria sofa. Alifikiria binti yake akiuliza, "Mama, umekula?" Halafu macho yake yakaenda kwenye kona ya meza, ambako ile sabuni ilikuwa imelala pale pale iliposahauliwa, haina haraka na mtu.

Akainuka, akafunga mlango, akatundika kibao cha NIMETOKA KIDOGO na kukomea kitasa kwa ndani.

Jaribio la kwanza lilikuwa aibu tupu. Mkono uliozoea kupigana na mpira wa kahawia ulisukuma kisu kwa nguvu zile zile, kisu kikapita katikati ya kipande, kikatokea upande wa pili na kusimama wima ndani ya mbao ya meza. La pili, alikata kona nzima ikaruka na kumpiga kwenye paji la uso. Alijikuta anacheka peke yake, akajiziba mdomo kwa kiganja. Akachukua kisu kile chembamba kuliko vyote, ambacho zamani alikitumia kwa nukta tu, akakiegemeza bila kusukuma. Kikaenda. Uzi mwembamba wa rangi ya waridi ulijikunja mbele ya ncha, ukaanguka mezani.

"Shemeji!" Ukuta wa mbao ukagongwa. "Mbona umefunga mchana wote huu?"

Bi Kinyume aliganda. "Nimetoka!"

"Umetoka wapi?"

"Nimetoka kidogo! Hujasoma kibao?"

"Nimesoma. Sasa huyo anayenijibu ni nani?"

"Nimelala! Niache nilale, nina usingizi tangu jana!"

"Haya, lala salama, shemeji," sauti ikasema, na ilikuwa na kicheko ndani yake, lakini Bi Kinyume hakuwa na nafasi ya kukipima. Alikata kipande kipya, akaanza.

Na hapo ndipo raha ilipoingia. Kisu kilikwenda kama kalamu kwenye daftari jipya. G ikakaa, tumbo na ulimi. E ikafuata, U ikafuata. Hakukuwa na kusukuma, hakukuwa na kuuma. Gumba lilikuwa limelala tu juu ya mpini kama abiria. Kwa miezi mingi alikuwa hajachonga huku anaimba, na sasa alijisikia akiimba puani, wimbo hata hakumbuki umetoka wapi. Z ikateleza. A ikafunga kazi. Alipotazama saa hakuamini: dakika kumi na mbili.

Akapaka wino, akagonga kwenye karatasi chakavu. Kingo zilikuwa kali, safi, bila ule mkwaruzo wa mpira mgumu. Akasoma: GEUZA. Safi kabisa. Akabandika kwenye mpini wa mbao, akaufunga muhuri kwenye karatasi, akaokota kila uzi wa waridi kutoka mezani, sakafuni na kwenye nywele zake, akatia vyote mfukoni mwa gauni. Ushahidi ukatoweka. Kesho yake saa nne karani aliupokea bila kuufungua, kwa kuwa foleni ilikuwa inamngoja, akakimbia nao.

Siku mbili Bi Kinyume alikuwa mtu mwingine. Aliwasalimia hata watu asiowapenda.

Siku ya tatu shemeji alirudi kutoka zahanati, alikokwenda kupimwa presha. Aliingia kibandani ameshika tumbo kwa mkono mmoja na fomu kwa mkono mwingine, hawezi kusema. Akaketi kwenye kigoda cha wateja, akainuka, akaketi tena.

"Presha imepanda?" Bi Kinyume aliuliza.

"Ilikuwa sawa... mpaka niliposoma hii." Akaiweka fomu mezani. "Nisomee, shemeji. Hapo chini."

Bi Kinyume alitazama. "Geuza. Kuna nini? Umechapwa vizuri, wino umetulia."

"Soma tena."

"Geu-za. Una matatizo gani leo?"

"Shemeji, mimi naona AZUEG. Azueg ndiyo nini? Mle ndani kuna mzee amemuuliza karani, 'Mwanangu, hii azuegi ni ugonjwa? Na mimi ninayo?'"

Bi Kinyume aliinyakua ile fomu. Aliona GEUZA, waziwazi, kama alivyoiona siku zote usoni mwa mpira. Shemeji, ambaye sasa alikuwa ameacha kucheka kidogo, alichukua gazeti akaliweka kando ya fomu na kumwonyesha E moja kwenye kichwa cha habari. E ya gazeti ilinyoosha vidole vyake kulia. E ya muhuri ilivinyoosha kushoto.

Moto ulimpanda Bi Kinyume kutoka miguuni. Akaelewa yote kwa mpigo. Mpira wa kahawia, kwa ugumu wake, ulikuwa ukimkumbusha kila dakika kwamba anachonga. Ile sabuni ilikuwa laini mno, kisu kikaenda kama kalamu, na mkono wake mjinga ukadhani unaandika barua! Ukaandika kwa kunyooka, G mpaka A, kutoka kushoto kwenda kulia, kama mtoto wa darasa la kwanza. Na macho yake, yaliyozoea herufi zilizogeuka, yakapitisha kosa bila hata kukohoa. Kosa hili hufanywa na mwanafunzi siku ya kwanza. Mwanafunzi akilifanya, hucheka na kurudia. Fundi wa miaka thelathini na moja akilifanya, hufunga duka.

"Halafu," shemeji akasema polepole, ameinama juu ya fomu, "kingo hizi mbona safi sana? Huu siyo mpira wa kahawia, shemeji. Hii ni—"

Bi Kinyume hakungoja neno. Alitoka mbio na mfuko wa gauni bado una nyuzi za waridi.

Njia nzima alijisemea atakachosema. Atauomba muhuri, atauvunja mbele ya karani, ataomba radhi, kisha atampigia simu binti yake. Roho ilimuuma kwelikweli, na hakuwa na haja ya kujidanganya kwamba ni jua. Alikuwa ameona, kwa dakika kumi na mbili, kwamba anaweza kuendelea. Sasa ilikuwa mbaya zaidi kuliko kama asingeona.

Ukumbi wa zahanati ulikuwa umejaa. Na watu kwenye mabenchi walikuwa wanafanya kitu cha ajabu. Bibi mmoja alikuwa ameinua fomu juu kuelekea dirishani, jicho moja amelifumba. Mwanamume mwenye bandeji mguuni aliipindua yake, akaipindua tena. "Ukiitazama kwa nyuma inasomeka!" akamwambia jirani yake, amefurahi kama aliyefumbua kitendawili. "Inasema geuza!"

"Nimeshageuza," jirani akajibu. "Kumbe huku nyuma kuna maswali. Una kalamu?"

Bi Kinyume alisimama mdomo wazi. Kisha akapenya mpaka dirisha la kwanza.

"Mwanangu, nipe muhuri wangu."

Karani aliushika kwa mikono miwili. "Kwa nini?"

"Nimekosea. Umetoka kinyume. Nitakuchongea mwingine, wa haki."

"Mama, siutoi."

"Hausomeki!"

"Ndiyo raha yake! Wangekuta GEUZA ya kawaida wangeipita kama wanavyonipita mimi. Sasa wanashangaa, wanaiinua kwenye mwanga, wanaipindua, wakifika nyuma wanakuta maswali wanajaza. Tangu juzi sijaita mtu hata mmoja. Sikia sauti yangu, imerudi!" Na kweli, ilikuwa imerudi. "Daktari ameuliza nani amebuni. Nimemwambia ni wewe. Amesema una akili nyingi."

Hapo Bi Kinyume alikuwa na nafasi ya kunyamaza na kuwa mwerevu. Mwingine angeipokea sifa, akatikisa kichwa kwa unyenyekevu wa uongo, akaenda zake. Lakini alikuwa fundi, na fundi hawezi kusifiwa kwa kosa lake bila kuwashwa.

"Sikubuni kitu. Mkono umeteleza. Mimi siwezi tena kuchonga hata herufi tano, unanisikia? Tano! Mtoto wa shule angeweza."

Alisema kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. Foleni nzima iligeuka kumtazama. Karani akainama karibu na tundu la dirisha.

"Mama, usiseme hivyo. Ni kidole tu. Ndiyo maana tulikubaliana tukuletee maneno mafupi." Akajiziba mdomo, amechelewa.

"Mlikubaliana nani?"

"Hakuna."

"Mlikubaliana nani na nani?"

"Watu," karani akasema kwa unyonge. "Mwalimu mkuu. Mwenye nyumba. Fundi pikipiki. Wateja wako, mama. Wakati ule ulipoangusha kisu mara tatu, mwalimu mkuu akiwa amesimama pale. Shemeji yako alituomba. Alisema tukikuletea mistari minne utaichonga tu, hata mkono ukatike, kwa hiyo tuombe neno moja moja. Mwalimu mkuu anaandika 'kwa heshima na taadhima' kwa mkono wake sasa, kwenye kila barua."

Bi Kinyume alishika ukingo wa dirisha. Mwaka mzima aliwasema watu hawa. Aliwaita wavivu, wasio na adabu, simu zinazoishiwa chaji. Nao walisimama mbele yake wakameza, wakasema SAWA, wakasema BADO. Hasira ilimpanda, na nyuma ya hasira kulikuwa na kitu kingine.

"Wewe," hatimaye akamwambia karani, "ulipokuja kwangu, ulitaka muhuri uandike nini hasa?"

"Geuza."

"Usinifanye mtoto. Ulichotaka kusema wewe. Chote."

Karani akasita. Kisha akavuta karatasi akaandika, akafuta, akaandika tena, na ikaonekana alikuwa na mengi moyoni kuhusu upande wa pili wa fomu. Bi Kinyume alipokea, akasoma: TAFADHALI GEUZA KARATASI HII UJAZE NA UPANDE WA PILI. USIOGOPE, NI MASWALI MATANO TU. AHSANTE KWA KUTUSAIDIA KUKUSAIDIA.

"Mungu wangu," alisema Bi Kinyume.

"Naweza kupunguza."

"Usiguse hata nukta. Ule uliogeuka baki nao, niaibike vizuri. Na huu utaufuata."

Shemeji alikuwa bado amekaa kwenye kigoda, mikono mapajani, kama mtu anayengoja kusomewa hukumu. Bi Kinyume aliingia, na badala ya kufunga mlango aliufungua wote mpaka ukagonga ukuta.

"Ulijua."

"Nilijua nini?"

"Shemeji!"

Akashusha pumzi. "Nilikuona unafungua chupa ya wino kwa meno. Wino wa bluu. Ulitembea siku mbili na meno ya bluu mtaa mzima, na hakuna aliyethubutu kukuuliza. Nikasema, huyu hawezi tena kusokota kifuniko, na afadhali afe kuliko kuniomba nimsokotee."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenipiga kwa ile chupa."

Ilikuwa kweli, kwa hiyo Bi Kinyume hakubisha. Alikwenda kwenye rafu, akachukua kilichobaki cha ile sabuni, akakiweka katikati ya meza, hadharani, mlango wazi na watu wanapita. Mwenye nyumba za kupangisha alikuwa akipita wakati huo huo. Alikiona, alimwona Bi Kinyume na kisu mkononi, akafungua mdomo kusema kitu kuhusu ndoo na madekio, akaona uso wa mwenye kisu, akapita.

"Sogeza kigoda," Bi Kinyume akamwambia shemeji. "Kila neno nikimaliza nitagonga kwenye karatasi, na wewe utanisomea. Macho yangu siyaamini tena, yanapokea kila kitu kama mpokezi wa wageni. Ikitoka azuegi, useme azuegi. Usinionee haya."

"Sitakuonea haya."

"Umenionea mwaka mzima. Inatosha."

Akaanza kutoka kulia kwenda kushoto, akiitaja kila herufi kwa sauti kabla ya kuikata ili mkono usisahau tena ulipo. Akagonga. Shemeji akainua karatasi, akaisoma kwa makini mno, midomo ikicheza. "Tafadhali," alisema. "Ni tafadhali kabisa. Na ile F imekaa vizuri kuliko F zangu." Wakaenda hivyo, neno kwa neno, yeye akikata na mwingine akisoma, karatasi ikijaa majaribio. Mara moja shemeji alisema, "Hapa L imegeuka," na Bi Kinyume akatazama, hakuona kosa, akamwamini, akairudia.

Kwenye USIOGOPE kidole kilianza. Hakikukwama, sabuni ilikisaidia mno, ila kilianza kupiga taratibu kwa ndani kama mtu anayebisha hodi. Bi Kinyume alikata I. Akakata O. Akasimamisha kisu.

Miaka miwili alikuwa na jibu tayari kwa saa kama hii: angekohoa, angeinuka kutafuta kitambaa, angeanza kumsema jirani. Alimtazama shemeji yake, ambaye alikuwa ameshika karatasi tayari kusoma na hakuwa anauliza kitu.

"Kinauma," akasema.

"Basi pumzika."

Akaweka kisu mezani. Shemeji akamsokotea kifuniko cha chupa ya wino usikauke, akairudisha chupa mahali pake. Nje watu walipita, wengine wakachungulia, wakamwona Bi Kinyume mchana kweupe amekaa na mkono umelala mapajani, hafanyi kitu, na dunia ikaendelea kama kawaida. Baada ya muda akakunja kidole, akakikunjua, akavuta kiti, akauliza walikuwa wamefika herufi gani.